Je, muziki umeharibika, au sikio langu limezeeka?

Swali: Nina miaka 38, ni mwalimu wa sekondari Dodoma. Baba yangu, ambaye ujana wake ulikuwa wa Marijani Rajabu na Mlimani Park, ametuambia tangu tukiwa wadogo kwamba Bongo Fleva ni kelele za watoto wasiojua hata kushika gitaa. Tulikuwa tunamcheka. Sasa wanafunzi wangu wanasikiliza singeli na amapiano, na juzi nimejikuta nikiwaambia maneno yaleyale ya baba. Je, ladha ya watu hubadilika kwa sababu muziki umebadilika, au muziki hubadilika kwa sababu watu wamebadilika? Na bendi zitarudi?

Jibu: Mwalimu, swali lako lina watu watatu ndani yake: baba yako, wewe na wanafunzi wako. Nianze na wewe, maana jibu lako ndilo jepesi.

Mwaka 1989 watafiti wawili wa Marekani, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha matokeo ya jaribio moja dogo. Waliwapigia watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma tangu miaka ya 1930 hadi ya 1980, wakawauliza wanazipenda kiasi gani, kisha wakapiga hesabu kila mtu alikuwa na umri gani wimbo ulipotoka. Upendo ulifika kileleni kwa nyimbo zilizotoka msikilizaji akiwa na miaka 24 hivi. Waliofuata baadaye wameushusha umri huo hadi kwenye miaka ya sekondari, lakini hoja ni ileile: kuna dirisha la ujana, na linalopita humo halitoki. Wewe dirisha lako lilianza na Juma Nature na Lady Jaydee, likafungwa wakati Diamond Platnumz ndiyo kwanza anajulikana. Baba yako, kama alizaliwa katikati ya miaka ya 1950, alifikisha miaka 24 wakati Mlimani Park ina mwaka mmoja tu, maana ilianzishwa 1978. Hakuna ajabu kwamba mnabishana.

Ongeza na mazoea. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi, huanza kukipenda hata bila kujua kwa nini. Wanafunzi wako wanakutana na singeli kwenye bajaji, kwenye simu, kwenye sherehe za mtaani. Wewe unaisikia kupitia ukutani kwa jirani, saa tano usiku, ukiwa unasahihisha madaftari. Mngewezaje kuipenda sawasawa?

Basi hilo ni sikio lako. Lakini sikio halielezi kwa nini kuna singeli ya kuchukia hapo kwanza. Kama kila rika lingeganda tu kwenye ujana wake, bado tungehitaji kujua ule muziki mpya unatoka wapi, na kwa nini unakuja kwa sura hii na si nyingine. Katika miaka yangu ya kurekodi na kufundisha historia ya muziki nimezoea kuuliza maswali mawili kabla ya yote: wimbo unamfikia msikilizaji kwa njia gani, na nani anaulipia? Ukiyajibu hayo, mara nyingi unaweza kubashiri hata urefu wa wimbo kabla hujausikia.

Tuchukue dansi ya baba yako. Watu wa leo hudhani bendi zile zilikuwa kubwa na nzuri kwa sababu wanamuziki wa zamani walipenda kazi kuliko fedha. Ukweli ni kwamba walikuwa na mshahara. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ndiyo ikaja kuwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala. Polisi walikuwa na yao, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli, shirika la bima likawa na Bima Lee, kiwanda cha nguo cha Urafiki nacho kikawa na yake. Mlimani Park yenyewe ilianza chini ya kampuni ya usafiri na teksi. Kampuni ilipoyumba, Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, likaichukua mwaka 1983. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Mpiga tarumbeta alikuwa mwajiriwa kama karani. Ndiyo maana uliweza kuwa na wapuliza ala wanne, magitaa matatu, besi, tumba, ngoma na waimbaji watano jukwaani bila mtu kuuliza hesabu ya kila kichwa.

Njia nayo ilikuwa mbili tu. Ya kwanza ni ukumbi. Bendi ilipiga usiku mzima, watu wakilipa kiingilio na kununua bia, kwa hiyo wimbo ulipaswa kuwa mrefu na kuwa na sehemu mbili: kwanza hadithi inaimbwa taratibu, watu wakisikiliza maneno na kucheza kwa kujivuta, halafu magitaa yanashika kasi, tarumbeta zinaitikiana, waimbaji wananyamaza, na ukumbi mzima uko katikati. Wanamuziki wenyewe waliiita sehemu hiyo chemko. Kila bendi ikawa na mtindo wake wa kuuza: Msondo ya NUTA, Sikinde ya Mlimani Park, Kamanyola ya Maquis, Saboso ya Western Jazz. Shabiki wa Sikinde hakuonekana kwa Msondo ovyo ovyo.

Njia ya pili ni Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya pekee Bara hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bendi iliingia studio yao na kurekodi kwa mkupuo, wote pamoja, baada ya maneno ya nyimbo kukaguliwa. Unadhani mafumbo yale yaliyojaa kwenye dansi yalitokana na ufundi peke yake? Ufundi ulikuwapo, lakini aliyejua kwamba kuna macho yanasoma mashairi yake kabla hayajarushwa alijifunza upesi kusema jambo kwa kulizungukia. Santuri zilikuwa shida, kwa sababu hatukuwa na kiwanda cha kuzitengeneza. Zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wetu na Kenya ulifungwa 1977 ukaja kufunguliwa 1983. Hata zilipopatikana, wimbo wa dansi haukuenea upande mmoja, ndiyo maana santuri nyingi za enzi hizo zina sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande wa pili. Kwenye utepe wa redio wimbo huohuo ungeweza kwenda dakika saba au nane bila kukatwa. Urefu ulitokana na chombo.

Halafu katika miaka kama kumi hivi nguzo zote zikaondoka. Mashirika ya umma yalianza kufilisika au kuuzwa, na bendi ni kitu cha kwanza kukatwa kwenye bajeti. Vyombo vya muziki vikawa ghali. Kaseti zikaanza kurudufiwa madukani, mwenye wimbo hapati kitu. Mwaka 1993 ikapita sheria iliyoruhusu redio na televisheni za watu binafsi, na 1994 zikaingia hewani Radio One na ITV. Kabla ya hapo Bara haikuwa na televisheni kabisa, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Ghafla kijana wa Dar es Salaam anaona video za Marekani sebuleni, au anapanga foleni kwa jirani kuziona.

Hapa ndipo baba yako na mimi tunaachana. Yeye anaona watoto waliokataa kujifunza gitaa. Mimi naona watoto ambao hawakuwa na mtu wa kuwanunulia gitaa. Rapa hakuhitaji watu 15 wenye mshahara. Alihitaji daftari, biti na prodyuza mwenye kompyuta. Waliotangulia, tukubali, walikuwa watoto wa familia zenye uwezo, wa Upanga na Oysterbay, wenye ndugu ughaibuni wanaowatumia kaseti, na walichana kwa Kiingereza. Saleh Jabir alipochana kwa Kiswahili mwaka 1991 juu ya biti ya Vanilla Ice, watu waligundua kwamba kumbe inawezekana. Akaja Mr. II, tunayemjua kama Sugu, na katikati ya muongo ule akaonyesha kwamba kaseti ya rapu ya Kiswahili inanunuliwa. Jina Bongo Fleva lenyewe kwa kawaida huhesabiwa kuwa la mtangazaji wa Radio One, Mike Mhagama, aliyetaka kutenganisha nyimbo za nyumbani na za nje kwenye kipindi chake. Jina la muziki mzima likatoka kwenye meza ya mtangazaji. Hiyo peke yake inakuonyesha nguvu ilikuwa imehamia wapi.

Kisha lafudhi ikahama. Mpaka tunafika 2001 hivi, Professor Jay ameshawafanya hata wazee wasikilize, kwa sababu aliigiza mwanasiasa muongo kuliko mwanasiasa mwenyewe. Na Juma Nature ameleta Temeke nzima kwenye redio, kwa maneno na sauti ya Temeke. Nyuma yao walikuwa maprodyuza P-Funk Majani na Master J, ambao kwa maoni yangu wanastahili kutajwa kwa pumzi moja na Michael Enoch wa Mlimani Park, ingawa najua kuna mzee hapo Dodoma atachana karatasi hii. Redio za FM zilihitaji nyimbo za dakika nne, zenye kiitikio cha kukumbukwa, zinazopigika mara tatu kwa siku katikati ya matangazo ya biashara. Zikapewa. Na wimbo unaopigwa mara tatu kwa siku, Zajonc ameshatuambia utafanywa nini na masikio yako ya miaka 15.

Sitaki uondoke ukidhani redio zilituonyesha tu kilichopendwa. Mtangazaji alikuwa mlinzi wa mlango, na msanii yeyote wa enzi hizo atakuambia kwamba wakati mwingine mlango ulifunguliwa kwa bahasha. Hata bila bahasha, bahati ni kubwa kuliko tunavyopenda kuamini. Mwaka 2006 Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walichapisha jaribio la intaneti la watu zaidi ya 14,000 na nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Waliwagawa wasikilizaji kwenye makundi. Katika baadhi ya makundi mtu aliona wenzake wamepakua wimbo upi mara ngapi, na katika kundi moja hakuona chochote. Kila kundi lililoonana likapata mshindi wake. Nyimbo bora kabisa hazikushika mkia mara nyingi, na mbovu kabisa hazikushinda mara nyingi, lakini katikati hapo chochote kiliweza kutokea. Nikisikiliza kaseti za 2002 ambazo hazikuvuma, nakumbuka jaribio lile.

Jambo jingine ambalo husahaulika ni kwamba wakati mwingine ladha haijabadilika. Kilichobadilika ni anayehesabu. Marekani, hadi 1991, orodha ya albamu zinazoongoza katika jarida la Billboard ilitegemea taarifa za wenye maduka. Mwezi Mei mwaka huo wakaanza kutumia hesabu za mashine za kaunta, na ndani ya wiki chache rapu na muziki wa kauntri vikapanda ngazi ambazo havikuwahi kupanda. Watu hawakuamka asubuhi na masikio mapya. Walikuwa wakinunua muda wote, ila aliyejaza fomu hakuwaona.

Na hapo ndipo tunafika kwa wanafunzi wako. Singeli haikuzaliwa jana. Mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati ilikuwa na muziki wake muda wote huo ambao FM zilikuwa zikipiga wengine: mchiriku, wenye kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika za honi, wenye mizizi kwenye ngoma za Kizaramo, na taarabu ya kisasa, ile rusha roho ya mipasho, kwenye harusi na vigodoro. Maprodyuza wa uswahilini walichukua vipande vya ala kutoka taarabu hiyo, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi midundo 200, hata 300 kwa dakika, na MC akachana juu yake. Haukuhesabiwa kwa sababu haukupita kwenye milango iliyohesabu. Akina Msaga Sumu walikuwa mashujaa wa mtaa miaka kadhaa kabla ya redio kuwajali. EFM ilipoanza kuupa muda hewani katikati ya miaka ya 2010, na simu zilipoanza kuonyesha idadi ya watazamaji kwa kila wimbo, wengi wakauliza umetokea wapi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na muziki ambao watu wa uzunguni waliuita wa wahuni ukaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya.

Kabla hujawaambia tena wanafunzi wako kwamba ni kelele, chukua singeli ya zamani kidogo, ile ya miaka ya mwanzo, na kwenye simu punguza kasi hadi nusu. Si zote, lakini katika baadhi yake utasikia kinanda cha taarabu unachokijua kabisa, kile ambacho pengine mama yako alikichezea. Taarabu yenyewe nayo ilipitia hayohayo. Kasri la sultani wa Zanzibar lilipenda iimbwe kwa Kiarabu. Siti binti Saad, mtoto wa watu maskini wa Fumba, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 kampuni ya gramafoni ikampeleka Bombay kurekodi. Santuri zilipouzika kampuni nyingine nazo zikaja mbio, na heshima ikafuata. Dansi? Katika miaka ya 1930 wazee waliiona kuwa vijana kuiga Wazungu na kutupa ngoma. Mwishoni mwa miaka ya 1960 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuharibu vijana. Wale vijana walioharibiwa ndio leo wanaotuambia muziki wa zamani ulikuwa na maadili.

Tena baba yako anashindanisha vitu visivyolingana. Dansi anayoikumbuka imepita kwenye chekeche la miaka 45 ya vipindi vya zilipendwa. Nyimbo dhaifu za 1979, na zilikuwa nyingi, nimezisikiliza kwa wajibu wa kazi, hakuna anayezipiga. Singeli ya wiki hii inakufikia pamoja na pumba zake zote.

Hata hivyo simwachi mzee mikono mitupu, kwa sababu kuna mambo yamepotea kweli. Gitaa la pili, lile linalojibizana na solo na kukaa katikati yake na ridhimu, lilikuwa elimu iliyofundishwa kwa kukaa kando ya mkubwa miaka mingi, na shule yake ilikuwa ile bendi yenye mishahara. Shule ikafungwa. Wapuliza saksafoni na tarumbeta ndio kabisa. Wengi waliobaki wanatoka bendi za majeshi na za makanisa. Pia nakiri kwamba wimbo wa leo umebanwa. Huduma kubwa za kusikiliza mtandaoni, Spotify ikiwamo, huhesabu wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30, na video fupi zinataka kipande cha kucheza cha sekunde 15. Msanii anayetanguliza magitaa kwa dakika nzima kabla ya kuimba anajitafutia njaa. Wimbo wa dakika mbili na nusu umetokana na chombo vilevile, kama ulivyotokana nacho ule wa dakika nane. Ila mimi, kama msikilizaji, naujutia ule wa dakika nane, na sioni sababu ya kujificha.

Amapiano sitaisema sana. Ni ya Afrika Kusini, imetufikia kwa simu kama rumba ya Kuba ilivyotufikia kwa santuri kabla ya vita vya pili, na tayari wasanii wetu wameshaimeza. Miaka michache ijayo hatutakumbuka kwamba besi yake ilikuwa ya wageni, kama ambavyo hakuna anayekumbuka kwamba tumba za Msondo zina asili ya Havana.

Umeuliza kama bendi zitarudi. Msondo na Sikinde hazikuondoka; zilivuka karne na jina, ingawa waasisi kama Muhidin Gurumo, aliyefariki 2014, wametutoka. Twanga Pepeta, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, ilionyesha kwamba ukumbi unaweza kujaa hata Bongo Fleva ikiwa kileleni, na yenyewe ilibadilisha wimbo: rapa jukwaani, wacheza shoo mbele, chemko ikawa ndefu kuliko hadithi. Lakini bendi ya watu 15 wenye mshahara wa mwezi sitarajii kuiona tena, kwa sababu simwoni mlipaji. Ninachokiona ni bendi ndogo za watu watano au sita zinazoishi kwa harusi, hoteli na ibada, na wasanii wakubwa wanaokodi wapigaji kwa ajili ya onyesho moja, siku moja. Hapo kuna kazi kwa kijana anayejua kushika gitaa. Makanisa, hasa, yananunua vyombo na yanafundisha. Kama kuna mwanafunzi wako anayetaka kujifunza gitaa la pili, aanzie kwaya, kisha amtafute mzee yeyote aliyepiga dansi ambaye bado vidole vinamtii. Wapo, hata Dodoma, na wengi wao hawatozi kitu.